Si Mama Peke Yake

Katika nchi yetu ya Kongo mtoto ni furaha ya nyumba na heshima ya ukoo. Bibi arusi akiisha kuingia nyumbani mwa mumewe, watu hawangoji sana. Mwaka mmoja ukipita, wanaanza kumtazama tumbo. Mwaka wa pili wanaulizana kwa sauti ya chini. Mwaka wa tatu hawashushi sauti tena. Na neno lao huenda upande mmoja tu: "Mwanamke huyu ni mgumba." Juu ya mume hakuna anayeuliza. Kama anakula vizuri, kama anafanya kazi, kama ana ndevu na sauti nene, basi amekwisha kuhesabiwa mzima.

Sisi tunaoandika maneno haya ni mume na mke, Wakristu wa parokia moja ya Kivu ya Kusini. Tulifunga ndoa mwaka 2012, na mpaka leo hatujazaa. Tumepatana wawili kuandika, kwa kuwa tumeona kwamba kunyamaza kumevunja nyumba nyingi kuliko ugonjwa wenyewe. Hatuandiki ili mtuhurumie. Twataka kuwaambia neno moja tu: mbegu za mume zinaweza kuhesabiwa, na yafaa zihesabiwe mapema, wakati uleule mke anapopimwa.

MBEGU NI KITU GANI?

Wazee wetu walijua kwamba mtoto hutoka kwa baba na mama. Lakini namna yenyewe haikujulikana kwao, wala kwa Wazungu, kwa muda mrefu. Mwaka 1677, katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, mfanya biashara mmoja jina lake Antonie van Leeuwenhoek aliweka maji ya uzazi ya mwanaume chini ya kioo chake cha kukuza vitu. Akaona vijidudu vingi vyenye kichwa na mkia, vinaogelea. Aliandika habari hiyo kwa wataalamu wa London, lakini kazi ya vijidudu hivyo haikujulikana bado.

Miaka 100 baadaye padri mmoja wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliwavika vyura dume suruali ndogo za kitambaa, ili maji yao yasifike kwenye mayai ya majike. Mayai yale hayakutoa kitu. Kisha alichukua maji yaliyobaki katika suruali, akayapaka mayai, nayo yakaanza kukua. Hivyo alionyesha kwamba pasipo maji ya dume hakuna uzazi. Lakini yeye mwenyewe hakuamini kwamba ni vile vijidudu vinavyofanya kazi. Ikangojewa mwaka 1827, Karl Ernst von Baer alipoona yai la mnyama anyonyeshaye, na mwaka 1876, Oscar Hertwig alipotazama mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba, akaona mbegu moja ya dume inaungana na yai moja la jike. Mbegu moja, yai moja. Hakuna mwenye kuzaa peke yake.

Basi tuelewe vizuri. Mbegu za mume hutengenezwa katika kokwa zake mbili. Kazi hiyo huchukua karibu siku 74 kwa kila mbegu, halafu siku nyingine za kukomaa na kusafiri katika mirija. Kokwa zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu zataka ubaridi kidogo kuliko mwili, digrii 2 hivi au zaidi. Siku ya tendo la ndoa, mamilioni ya mbegu huingia, lakini nyingi hufa njiani. Zinazofika karibu na yai ni mamia machache tu, na inayoingia ni moja. Yai lenyewe halikai zaidi ya siku moja. Mbegu zaweza kungoja ndani ya mwili wa mama mpaka siku 5. Ndiyo maana wingi wao una maana: safari ni ndefu, na mlango hufunguliwa kwa muda mfupi.

Na hapa kuna kosa ambalo tunalisikia kila siku vijijini na mjini. Watu husema: "Mwanaume huyu ana nguvu, basi ana mbegu." Sivyo. Nguvu za kulala na mke ni jambo moja, na mbegu ni jambo lingine. Mwanaume aweza kuwa na nguvu zote, na maji yake yakawa mengi, lakini ndani yake pasiwe na mbegu hata moja. Kwani maji yale karibu yote hutoka katika tezi nyingine, si katika kokwa. Mbegu ni sehemu ndogo sana yake. Mtu hawezi kusimama pwani ya ziwa Kivu, akatazama maji, akasema: "Leo sambaza ni wengi." Sharti wavuvi watupe wavu usiku, nasi tuone asubuhi.

NAMNA YA KUHESABU

Kazi ya laboratori haina uchawi wala siri. Mume hujizuia tendo la ndoa siku 2 mpaka 7. Kisha maji yake hupokelewa katika chombo safi, nayo hupelekwa upesi, yakitunzwa yasipate baridi, ili yapimwe kabla ya saa moja kupita. Mwenye kupima hutia tone dogo katika kioo chenye mistari midogo kama karatasi ya daftari la hesabu, akatazama kwa mikroskopi, akahesabu mbegu katika vyumba vile vidogo. Hutazama mambo matatu: ni ngapi, zinakwenda au zimelala, na umbo lao ni zuri au limeharibika.

Shirika la Afya la Dunia limetoa kitabu cha kuwaongoza wapimaji tangu mwaka 1980. Katika chapa yake ya sita, ya mwaka 2021, limeandika vipimo vya chini hivi: mbegu milioni 16 katika mililita moja; milioni 39 katika maji yote ya mara moja; na katika mbegu 100, 30 ziwe zinasonga mbele. Juu ya umbo hawadai mengi: katika mbegu 100, hata 4 tu zenye umbo jema zinatosha.

Lakini msizishike hesabu hizi kama mpaka wa shamba. Walizipata kwa kupima wanaume ambao wake zao walichukua mimba kabla ya mwaka mmoja kwisha. Katika baba 100 wa namna hiyo, 5 walikuwa chini ya milioni 16, na walizaa vilevile. Kwa hiyo mwenye milioni 10 si mtu wa kulia kama aliyefiwa, na mwenye milioni 60 si mtu wa kujisifu. Hesabu hutuambia kama njia ni nyepesi au ngumu. Asiye na mbegu hata moja, njia yake ya kawaida imefungwa. Na hata huyo yafaa atafutiwe sababu, kwani mara nyingine mbegu zipo ndani, ila mirija imeziba.

Tena kipimo kimoja hakitoshi. Homa kali ya mwezi uliopita yaweza kushusha hesabu ya leo. Kwa hiyo mganga mwenye akili hupima mara ya pili, baada ya majuma kadhaa au miezi mitatu, mbegu mpya zikiisha kutengenezwa.

Wakristu wengine wanatuuliza kwa haya: "Maji hayo hupatikana namna gani pasipo kuvunja sheria ya Kanisa?" Swali hili ni la haki. Kanisa halikatazi kupimwa. Linataka tendo la ndoa liheshimiwe. Iko njia ya kutumia mfuko wa pekee wakati wa tendo la ndoa lenyewe, mfuko usio na dawa ya kuua mbegu na wenye tundu dogo. Ongeeni na padri wenu, tena mwambieni mganga pasipo kuogopa. Haya isiwe sababu ya kubaki gizani.

KARATASI YETU

Sasa tuseme habari yetu. Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa ya mke peke yake. Alipimwa damu. Alipigwa picha, dawa ya maji ikisukumwa katika tumbo la uzazi, naye akaumwa sana. Alikwenda katika nyumba tatu za matibabu, na katika zote tatu hakuna aliyeuliza: "Na bwana wako?" Kila mara alirudi na jibu kwamba hana ugonjwa. Jibu hilo lilipasa kuwa habari njema. Kwake lilikuwa habari mbaya, kwani watu wa nyumbani walisema: "Ikiwa waganga hawaoni kitu, basi ni mambo ya usiku." Shangazi mmoja alileta dawa ya mizizi kutoka kwa mfumu. Alikuwa akitupenda, hatumchukii. Mke aliinywa, akatapika siku mbili.

Mwaka 2015 mwuguzi mmoja, mama mtu mzima, alisoma karatasi zote za mke, akazipanga mezani, akasema: "Mama, hapa naona karatasi za mtu mmoja. Ndoa ina watu wangapi?" Kesho yake mume alikwenda. Yeye ni mwashi, hubeba saruji na mawe tangu ujana wake, hajui kulala kitandani kwa ugonjwa. Alipewa jibu: milioni 3 katika mililita moja, na zinazosonga mbele ni chache. Baada ya miezi mitatu walipima tena: milioni 4.

Labda mnafikiri kwamba mke alifurahi siku ile, kwa kuwa ilijulikana kwamba shida haikutoka kwake. Hakufurahi. Tulikaa jikoni mpaka moto ukazimika. Mzigo haukuondoka, ulihama tu bega, nao ulikuwa bado ndani ya nyumba ileile. Ndipo tulipopatana jambo ambalo limetusaidia mpaka leo: tusiseme tena "wewe huzai," wala "mimi sizai," bali "sisi hatujazaa." Hii ndiyo maana katika maandiko haya tunasema "sisi" kila mahali.

Mwezi uliofuata wazee wa upande wa mume walikuja kwetu. Walikuja kwa sababu ya ng'ombe za mahari, na kwa sababu ya binti mmoja ambaye walikuwa wamekwisha kumtazama. Walisema kwa upole, kama wazee. Mume aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka karatasi mezani, akasema: "Baba zangu, karatasi hii ni ya kwangu. Mkileta mke wa pili, mtaleta mtu wa pili wa kulia." Baba mdogo hajui kusoma, aliomba asomewe. Mwalimu wa jirani alimsomea, hata hesabu. Hakuna aliyesema kitu. Mama mzazi wa mume aliondoka barazani, akaenda nyuma ya nyumba ambako mke alikuwa anatwanga sombe, akamnyang'anya mchi mkononi, akaanza kutwanga yeye mwenyewe. Tangu siku ile hatujasikia tena neno la mgumba katika ukoo wetu.

Mganga alipompima mume kwa mikono, aliona mishipa ya damu imevimba juu ya kokwa ya kushoto, kama mizizi. Ugonjwa huu unajulikana sana. Damu hukaa mahali pale, hupatia joto, na mbegu hupungua. Alipasuliwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita hesabu ilikuwa milioni 9, mwaka uliofuata milioni 12. Mimba haikuja. Twasema wazi, ili mtu asiuze habari yetu kama dawa: kupasuliwa huwasaidia wengine, si wote. Lakini hatukujuta kamwe kwamba tumepimwa. Kabla ya karatasi tulikuwa na adui asiyeonekana, na kila mtu alimpa jina la mke.

HABARI YA KONGO NZIMA

Msidhani kwamba mambo haya ni ya nyumba moja. Mwaka 1955 mpaka 1957 serikali ya kikoloni ilifanya hesabu kubwa ya watu wa Kongo. Ilionekana kwamba huku Kivu watu walizaa sana, lakini katika nchi za Tshuapa na Uele wanawake wengi walizeeka pasipo kuzaa hata mara moja. Wengine walisema ni damu ya kabila lile. Wengine walisema ni ulozi, au ni wanawake wenye kuharibu mimba. Waganga na wataalamu walipochunguza, waliona kwamba sababu kubwa ni kisonono na magonjwa mengine ya zinaa. Magonjwa hayo huziba mirija ya mama. Huziba vilevile mirija ya baba, mbegu zisipate njia ya kutoka. Penisilini ilipoenea, uzazi ulipanda tena katika miaka iliyofuata. Fikirini basi: wanawake wangapi waliitwa wagumba, wakarudishwa kwao, na ugonjwa ulikuwa umeletwa nyumbani na mume atokaye safari?

Hata duniani kote mambo ni hivyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupata shida ya uzazi katika maisha yake, katika nchi tajiri na maskini sawasawa. Na katika ndoa zisizopata mtoto, karibu nusu zina shida upande wa mume, ama yeye peke yake ama wote wawili. Tena wataalamu wa Denmark walieleza mwaka 1992 kwamba hesabu ya wastani ya mbegu ilishuka kutoka milioni 113 mpaka milioni 66 katika mililita moja, kati ya mwaka 1940 na 1990. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2017 uliona kushuka kwa zaidi ya nusu kati ya 1973 na 2011 kwa wanaume wa Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Australia. Wataalamu wanabishana bado juu ya namna ya kuhesabu na juu ya sababu. Lakini jambo moja ni wazi: uchache wa mbegu si laana ya ukoo fulani wa Kivu. Hata huko ambako hakuna anayemjua mfumu wetu, mbegu zinapungua.

MAMBO YA KUANGALIA

Tumejifunza mambo machache kwa waganga, nasi twayatoa kama tulivyoyapokea.

Kwanza, kisonono na klamidia vitibiwe upesi, mume na mke pamoja. Akitibiwa mmoja tu, ugonjwa hurudi kwa mlango wa nyuma.

Pili, mama wanaolea wavulana, tazameni watoto wenu. Mtoto akizaliwa na kokwa moja au zote mbili hazijashuka, na mwezi wa sita ukipita bila kushuka, mpelekeni hospitali. Kazi ya kuzishusha yafaa ifanywe kabla ya mwaka mmoja na nusu. Tena matubwitubwi yakimshika kijana aliyekwisha kubalehe, na kokwa zikavimba, asifichwe nyumbani.

Tatu, tumbako hupunguza mbegu, na ulevi wa kila siku hupunguza mbegu. Kasiksi ya arusi haiharibu nyumba. Kanyanga ya kila jioni yaiharibu kwa njia nyingi, na hii ni moja.

Nne, jihadharini na sindano na vidonge vya "kuongeza uanaume" vinavyouzwa sokoni na katika nyumba za kujenga misuli. Dawa nyingi za namna hiyo zina homoni ya kiume. Mwili ukiipokea kutoka nje, ubongo huacha kuziamuru kokwa zifanye kazi, na mbegu zaweza kwisha kabisa. Mtu anunua nguvu, kumbe anauza uzazi.

Tano, aliyezaa zamani asiseme: "Mimi nimekwisha kuonyesha." Mtoto wa mwaka 2005 hashuhudii mbegu za leo. Ugonjwa waweza kuingia katikati.

Sita, msingoje miaka. Mume na mke wakikaa pamoja mwaka mmoja pasipo mimba, na pasipo kuizuia, yafaa waende kupimwa. Na kama mke amepita miaka 35, waende baada ya miezi sita. Waende wawili, siku moja. Kipimo cha mume ni chepesi na hakiumizi. Cha mke ni kigumu na chaumiza. Basi ni akili gani kuanza na kigumu, na kile chepesi kukiacha miaka mitatu?

NDOA INABAKI NDOA

Kuna neno la mwisho ambalo wengine hawalijui, nasi tulilipata kwa padri wetu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, yaeleza wazi kwamba kukosa uzazi hakukatazi ndoa, wala hakuibatilishi. Mwenye milioni 3 na mwenye milioni 100 wamefunga ndoa ileile. Kwa hiyo anayemfukuza mke kwa kuwa hajazaa, hana kanuni ya kumtetea. Na mke ambaye karatasi ya mumewe imeonekana mbovu, naye asimdharau mbele ya watu. Sheria ni moja kwa wote wawili.

Katika Maandiko Matakatifu twasoma habari za Sara, za Ana mke wa Elkana, na za Elisabeti. Wote watatu walibeba aibu ya kutozaa. Siku zile hapakuwa na kioo cha kuhesabu, na watu hawakuwa na njia ya kujua. Sisi tunayo. Kuwatupia mama zetu lawama ileile ya zamani, na kioo kiko mezani, si ujinga tena, ni udhalimu.

Nasi tunalea watoto 2 wa marehemu ndugu yetu tangu mwaka 2019. Hawakuja kuziba pengo. Wamekuja kwa sababu walihitaji baba na mama. Mtoto wa kulea si dawa ya kupewa mtu mwenye huzuni, ni mtu mwenye haki yake. Huzuni nyingine hubaki, nasi twaipa nafasi yake, hasa siku za ubatizo parokiani. Lakini hatubebi tena huzuni ya kumshitaki mmoja wetu.

Basi, wazazi wa bibi arusi na wa bwana arusi, tuwaombe jambo dogo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku mtakapoona nyumba ya watoto wenu imekaa kimya, kabla ya kutaja mke wa pili, kabla ya kuulizia ng'ombe, kabla ya kwenda kwa mfumu, ombeni mwonyeshwe karatasi mbili. Ikiwa iko moja tu, neno lenu lisitoke bado.

Nanyi wanaume wenzetu, kokwa zikikosa mbegu hamkosi kuwa wanaume. Mwanaume huonekana siku anapoweka karatasi yake mezani mbele ya wazee, ili mkewe apumzike.